Uzi: Kupanga matembezi ya siku moja hadi maporomoko ya Sanje, Milima ya Udzungwa

Mleta uzi

Ndugu zangu, salaam. Kila mwaka Juni inapokaribia, watu wa Dar es Salaam na Morogoro huuliza swali lilelile: wameona picha za maporomoko ya Sanje katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, wameshakusanya marafiki, na wanataka kujua kama inawezekana kwenda na kurudi. Matembezi yenyewe ni mafupi, ya nusu siku kwa mtu mwenye afya ya kawaida. Kinachoharibu safari hizi karibu kila mara ni saa zinazopotea kabla hata ya kukanyaga njia ya mlimani, yaani barabarani, kwenye malipo, katika kumsubiri mwongozaji, na katika kumsubiri yule mwenzetu ambaye bado ananunua maji dukani. Kwa hiyo uzi huu unahusu zaidi mpango wa saa kuliko uzuri wa mahali, kwa kuwa uzuri mtajionea wenyewe.

Nianze na jiografia, maana ndiyo inayoamua mambo mengine. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992, ina eneo la kilomita za mraba 1,990, na inapanda kutoka mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari katika bonde la Kilombero hadi mita 2,576 katika kilele cha Luhombero. Ndani yake hakuna barabara za magari ya watalii kama zilivyo za Mikumi; kila kitu huonwa kwa miguu. Barabara ya Mikumi kwenda Ifakara inapita chini kabisa ya mlima, huku mashamba ya miwa yakiwa upande wa mashariki na ukuta wa msitu ukiwa upande wa magharibi. Ukitoka Mikumi mjini unapita Kidatu, kisha kijiji cha Sanje, na takriban kilomita 10 mbele yake ndipo unapofika Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi. Mji wa Mikumi na Mang'ula vimetengana kwa kilomita 60 hivi.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hulikuta wameshafika. Njia ya kwenda maporomoko inaanzia kwenye kituo cha askari cha Sanje, lakini utaratibu wa kibali na mwongozaji hufanyika Mang'ula. Mgeni anayetoka Mikumi basi analiona bango la Sanje, analipita, anakwenda kukamilisha taratibu Mang'ula, halafu anarudi nyuma kilomita 10. Mwenye gari binafsi hupoteza nusu saa, lakini aliyeshuka kwenye basi bila kupanga usafiri wa kurudi anaweza kupoteza asubuhi nzima. Malipo ya hifadhi hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, kwa simu, benki au kadi, wala si kwa fedha taslimu mlangoni, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi kiwango kidogo kuliko wageni wengine, kwa hiyo kila mmoja abebe kitambulisho chake. Viwango vya ada sitaviandika hapa kwa sababu hubadilika. Pigeni simu hifadhini wiki moja kabla, na katika simu hiyohiyo ombeni mwongozaji na mtaje idadi yenu.

Sasa njia yenyewe. Maporomoko ya Sanje yanashuka jumla ya mita 170 kwa ngazi kadhaa za mwamba, na njia ni ya mzunguko: unapanda msituni, unatokea juu kwenye madimbwi ambako unaliona bonde lote la Kilombero, kisha unashuka hadi dimbwi kubwa lililo chini. Urefu wa mzunguko ni kama kilomita 5, nao kwa kawaida huchukua takriban saa nne pamoja na mapumziko. Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini kilomita 5 zichukue saa nne. Mskoti William Naismith aliweka mwaka 1892 kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo Sanje ingemalizika kwa chini ya saa mbili. Lakini kanuni ile ilikuwa ya mtu mkakamavu katika baridi ya Uskoti, anayetembea bila kusimama. Katika joto na unyevu wa Kilombero, kwenye mizizi na mawe yenye ukungu, mkiwa kundi ambalo mwendo wake ni ule wa mtu wa mwisho, kuzidisha mara mbili ni busara ya kawaida.

Ratiba ninayoipendekeza ni hii. Mlale Mang'ula usiku wa kuamkia siku ya matembezi. Saa 1:30 asubuhi muwe makao makuu, saa 2:30 muwe mmefika Sanje mkianza kupanda, na kabla ya saa 5:00 muwe juu. Pumzikeni, ogeni, kuleni. Kisha muwe na saa ya kugeuka ambayo mmekubaliana mkiwa bado chini, nami naiweka saa 7:00 mchana: ikifika hiyo, popote mlipo, hata kama mmebakiza hatua chache, safari ya kushuka inaanza. Ukifuata hesabu hii, mwenye mwendo mdogo kabisa atakuwa kituoni saa 9:00 alasiri, na mtabaki na karibu saa tatu za mwanga kwa ajili ya lolote litakalotokea.

Mnaweza kuona kwamba saa tatu za akiba ni nyingi mno. Fikirini mtu mmoja ameteguka kifundo cha mguu. Gari haliwezi kumfuata msituni, atashushwa kwa kushikiliwa au kwa machela ya miti na kanga, na mteremko wa dakika 40 unageuka kuwa wa saa mbili na nusu. Tena mlima upo upande wa magharibi wa barabara, kwa maana hiyo jua hujificha nyuma ya mlima mapema kuliko saa ya magharibi inayoandikwa kwenye kalenda, na chini ya miti mirefu giza hutangulia zaidi. Asubuhi ni kinyume chake: mwanga wa mashariki unaupiga mwamba moja kwa moja, na kwa kuwa unatazama maji jua likiwa mgongoni, ndiyo saa ya kuuona upinde wa mvua katika manyunyu. Wapiga picha nao wanapaswa kuwa upande wangu katika hili.

Mchangiaji kutoka Ubungo

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa maelezo, ila sikubaliani na sharti la kulala. Sisi ni vijana saba, tuna gari aina ya Noah na dereva mzoefu. Tukitoka Dar saa 9:00 usiku, tunaweza kufika, kutembea na kurudi siku hiyohiyo, na hivyo kuokoa gharama za nyumba ya kulala wageni kwa watu saba. Si wote tulio na nafasi ya siku mbili.

Mleta uzi

Kaka, tufanye hesabu pamoja, maana sipingi kwa ajili ya kupinga. Dar hadi Mikumi mjini ni karibu kilomita 300, ongeza 60 za Mang'ula, jumla 360. Kwa mwendo halali, pamoja na matuta na vijiji vya barabara kuu, hizo ni saa sita mkibahatika. Mnaondoka saa 9:00 usiku, mnafika saa 3:00 asubuhi. Taratibu na kurudi Sanje, saa 4:00. Kutembea saa nne, sasa ni saa 8:00 mchana. Kubadili nguo na kula, saa 9:00 alasiri. Saa sita za kurudi, mnaingia Dar saa 3:00 usiku. Katika mpango ambao hakuna hata pancha moja, dereva wenu amekuwa macho kwa saa 18, ameendesha saa 12 kati ya hizo, na saa nne nyingine amepanda mlima, isipokuwa kama mtamwacha chini alale, jambo ambalo ningelisisitiza kwa nguvu zote.

Kuna na barabara yenyewe. Ile barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, kuna vikomo vya mwendo na kuna faini kwa anayegonga mnyama. Mkichelewa saa moja na nusu tu kuondoka Sanje, mtaipita hifadhi giza likiingia, wakati ambao nyati na twiga wanavuka na malori ya Zambia na Kongo yanapishana. Gharama ya nyumba ya wageni ya Mang'ula mkigawana vyumba haifiki hata sehemu ndogo ya gharama ya kosa moja hapo.

Kama tatizo ni siku, tazameni treni ya mwendo kasi. Tangu mwaka 2024 inafika Morogoro, na safari ya Dar hadi Morogoro ni chini ya saa mbili. Kutoka stesheni mnachukua usafiri hadi kituo cha mabasi cha Msamvu, na pale yapo mabasi ya Ifakara yanayopita Mang'ula, umbali wa kilomita 180 hivi. Mtu anayetoka kazini Ijumaa mchana anaweza kulala Morogoro, akapanda basi la alfajiri Jumamosi, akapumzika Mang'ula jioni hiyo, akatembea Jumapili asubuhi na kurudi mchana. Reli ya TAZARA nayo ina stesheni Mang'ula, na safari yake ni nzuri kwa macho, lakini kwa mtu mwenye ratiba ya kurudi kazini Jumatatu siishauri, kwa kuwa treni hizo hazijulikani kwa kushika saa.

Mchangiaji, mkazi wa Mang'ula

Habari zenu, wageni wetu watarajiwa. Mimi ni mkazi wa huku, nami naongezea yale ambayo mtu wa nje anaweza kuyaruka. Kwanza, barabara kutoka Kidatu hadi Ifakara siku hizi ni ya lami, kwa hiyo zile hadithi za kukwama kwenye matope mnazozisoma katika maandishi ya zamani ziwekeni pembeni. Kilichobaki ni malori ya miwa wakati wa msimu wa kuvuna, ambao huangukia kipindi hichohicho cha kiangazi mnachokuja ninyi: yanatembea polepole, yamejaza kupita kiasi, na usiku taa za nyuma wakati mwingine hazionekani. Mwenye bodaboda asikimbie.

Pili, bodaboda za kuwapeleka Sanje zipo kituoni, lakini patana nao kwenda na kurudi kabla hujapanda, na uchukue namba ya simu ya dereva, kwa maana ukishuka mlimani alasiri huwezi kutegemea kwamba utamkuta mwingine anasubiri pale. Mtandao wa simu unapatikana barabarani na sehemu za juu zilizo wazi kuelekea bondeni, ila msituni, kwenye makunjo ya mlima, unapotea. Kwa hiyo anayewasubiri chini apewe saa ya kurudi kabla hamjaondoka.

Tatu ni msimu. Mvua zetu zinaanza Novemba na kwenda hadi Mei. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unagonga ukuta huu wa mlima, unalazimika kupanda, unapoa, na mvua inashuka upande wetu. Ndiyo maana ukivuka mlima kuelekea Iringa unakuta nchi kavu kabisa. Watu wengi hudhani maporomoko hutazamwa vizuri Aprili kwa kuwa maji ni mengi. Maji ni mengi kweli, lakini huyaoni kwa sababu ya ukungu, njia inateleza, na mto unaweza kupanda ghafla. Juni na Julai ndiyo miezi yenyewe: ardhi imekauka, na msitu bado unatoa maji uliyoyahifadhi. Oktoba maji hupungua lakini hayakauki.

Na ombi moja la kijijini. Tangu mwaka 2011 wakazi hatuingii hifadhini kuokota kuni, hata zile kavu. Mgeni anapokata tawi bichi la kutengenezea fimbo ya kupandia, kisha akashuka nalo mbele ya mama ambaye haruhusiwi kuokota kijiti, haipendezi. Fimbo njooni nazo, au mwombeni mwongozaji awaelekeze pa kuzipata.

Mchangiaji kutoka Kigamboni

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka sita na kumi na mmoja, na mume wangu ana tatizo la goti. Je, Sanje inatufaa kama familia, au tutafute kwingine? Naomba pia kujua hasa cha kubeba, kwa maana orodha ninazoziona zimejaa vifaa vya watu wa Kilimanjaro.

Mleta uzi

Marahaba, dada. Kwa goti la shemeji, kupanda si tatizo kubwa kama kushuka. Mteremko wa Sanje una hatua ndefu juu ya mizizi na mawe, na kila hatua ya kushuka huliwekea goti mzigo mkubwa kuliko wa kutembea tambarare. Fimbo mbili husaidia sana. Lakini ningekuwa mimi, ningegawa familia: mtoto wa miaka kumi na mmoja apande na mzazi mmoja, na huyo mdogo abaki na mwingine kwenye njia fupi za karibu na makao makuu. Kuna maporomoko madogo yanayoitwa ya Prince Bernhard, yenye kimo cha mita 15 hivi, ambayo yapo karibu sana na ofisi na hayachoshi mtu. Kuna pia njia ya Sonjo ya kilomita 2.5. Kabla ya kuwaahidi watoto, uliza hifadhini masharti ya umri kwa njia mnayoitaka. Mkipata shauku zaidi miaka ijayo, ipo ya kilele cha Mwanihana, kilomita 38 kwa siku tatu, ila hiyo ni habari nyingine kabisa.

Vitu vya kubeba ni vichache. Maji ndiyo ya kwanza, lita mbili hadi tatu kwa mtu mzima, na usiyaweke yote kwenye begi la mtu mmoja mwenye nguvu, maana huyo ndiye anayetangulia mbele na kuwaacha wenye kiu nyuma. Viatu viwe vyenye meno na vilivyokwisha kuvaliwa. Viatu vipya vinavyofunguliwa boksi asubuhi hiyo huzaa malengelenge kabla ya saa moja. Suruali ndefu nyepesi, na soksi za kuingiza ncha za suruali ndani, kwa sababu ya siafu. Mkikuta msafara wa siafu, ruka upite haraka, usisimame kuwatazama na wala usimwache mtoto asimame. Wanaouma ni wale ambao hukuwaona wakipanda mguuni. Koti jepesi la mvua hata kiangazi. Tochi, hata kama mna hakika ya kurudi saa 9:00. Bendeji ya kunyoosha, plasta, dawa ya maumivu, na dawa za kila siku za mwenye ugonjwa wake. Nguo kavu ziachwe chini kwenye gari.

Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono bila makombo mengi: ndizi, viazi vilivyochemshwa, karanga, chapati. Nyani na kima wa huko wanajua sauti ya mfuko unaofunguliwa, na anayewapa kipande cha mkate leo anamtayarishia mgeni wa kesho kunyang'anywa begi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini kote tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo bebeni vyombo vya kufunika na mfuko wa kitambaa wa kurudishia taka, maganda yakiwemo. Wali wa maana mtaula mkishuka. Mama lishe wa Mang'ula wanapika mchele wa Kilombero uliotoka shambani kwa jirani, na hapo sina haja ya kuwashawishi.

Mchangiaji kutoka Ubungo

Nimeyapokea ya kulala, tutagawana vyumba. Lakini nina swali kuhusu kuogelea. Nimeona video za vijana wakiruka kutoka juu ya mwamba kuingia kwenye dimbwi. Je, inaruhusiwa, na kina chake ni kiasi gani?

Mleta uzi

Kuoga kwenye madimbwi ambayo mwongozaji anawaonyesha ni jambo la kawaida, na baada ya jasho la kupanda ni starehe ya kweli. Maji ni ya baridi na safi. Kuruka ni jambo jingine, na kaka, kina sikupi hata ningekipima jana. Kila msimu wa mvua mto huu unasukuma mawe na magogo, na dimbwi lililokuwa na kina mwaka jana linaweza leo kuwa na gogo limelala chini ya povu. Mtu anayeruka kutoka mita 10 hugonga maji kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa, na hapo anakutana na chochote kilichopo. Zaidi ya hayo, maji yaliyochanganyika na hewa pale yanapoangukia hayambebi mwogeleaji kama maji tulivu, na mkondo wa chini humrudisha kwenye ukuta wa mwamba badala ya kumtoa nje. Waogeleaji hodari wa baharini hushangaa hapo, kwa sababu chumvi ilikuwa ikiwasaidia kuelea na hawakuwa wakijua.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, ipo mahali ambapo hakuna anayeogelea: ukingo wa juu, pale maji yanapoanza kuanguka. Mwamba ule una utelezi usioonekana ukiwa mkavu nusu na mbichi nusu, na ndipo kila mtu anapotaka kupigwa picha. Katika kundi lenu wekeni mstari ambao hakuna anayeuvuka, na anayeshika simu asimwambie mwenzake arudi nyuma kidogo.

Jambo la pili ni mto kupanda. Mvua inaweza kunyesha juu milimani, kilomita nyingi kutoka mlipo, huku ninyi mkiwa juani mmeanika taulo. Dalili ni maji kubadilika rangi na kuwa ya udongo, majani na vijiti kuanza kushuka kwa wingi, na ngurumo ya maporomoko kuongezeka. Moja tu kati ya hizo ikitokea, tokeni kwenye maji, sogeeni juu upande ule ambao njia ya kurudi ipo, mabegi yasiyofikika yaachwe.

Mchangiaji, mhudumu wa afya

Niongeze ya kitaalamu kwa ufupi. Kichocho huletwa na konokono wanaopenda maji yaliyotuama au yaendayo polepole yenye majani, kwa hiyo hatari katika madimbwi ya juu yenye maji ya kasi ni ndogo. Msiogee hata hivyo kwenye mifereji na majaruba ya bondeni mkiwa njiani kurudi. Malaria ndiyo ya kuangalia zaidi. Bonde la Kilombero linajulikana kwa mbu wake, na kinachowaweka hatarini ni ule usiku wa kulala Mang'ula kuliko matembezi ya mchana: hakikisheni chumba kina chandarua kisichotoboka, na mkipata homa wiki moja au zaidi baada ya kurudi, kapimeni malaria bila kungoja, mkimwambia daktari mlikokuwa.

Akiumwa mtu na nyoka, msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza. Mtulizeni, mguu au mkono usitikisike, vueni pete na viatu kabla havijabana, mshusheni kwa kubebwa, na mumpeleke hospitali. Ifakara ipo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na ni vyema kuamua kabla ya safari gari gani lingewafikisha huko.

Mchangiaji kutoka Kigamboni

Ahsanteni sana. Tumeamua kugawa familia kama ulivyoshauri. Swali langu la mwisho: je, wanyama wataonekana, au watoto watarajie miti na maji tu? Mkubwa amesoma mahali kwamba kuna nyani asiyepatikana kwingine duniani.

Mleta uzi

Amesoma sawasawa, mpongeze. Anaitwa kwa jina la kijiji hichohicho, mangabe wa Sanje, ingawa wenyeji humwita ngolaga. Wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu, na walianza kwa kumsikia: watafiti waliokuwa wakiwatafuta mbega wekundu katika msitu wa Mwanihana walisikia mlio wasioufahamu, wakamuuliza mwongozaji wao, naye hakushangaa hata kidogo, kwa kuwa alikuwa akimjua siku zote. Mbega mwekundu wa Udzungwa naye hapatikani nje ya eneo hili, na huyo uwezekano wa kumwona kwenye njia ya Sanje ni mzuri, hasa mkianza mapema na kutembea bila kelele. Ngolaga hushinda sana chini, kwenye majani makavu, na humkimbia mtu anayezungumza kwa sauti. Nyati na tembo wamo pia, ndiyo sababu hamwendi bila mwongozaji wala hamumtangulii, hata akiwa anatembea polepole kuliko mnavyopenda.

Mwambie mtoto atazame kwanza matawi yanayotikisika bila upepo, kisha asikilize. Spika ya muziki ibaki kwenye gari, na hili nawaomba hasa vijana wa Noah.

Mchangiaji kutoka Ubungo

Spika itabaki. Tumepanga wikiendi ya mwisho ya Juni, dereva atalala chini, na saa ya kugeuka tumeiandika kwenye kundi letu la WhatsApp. Mmoja wetu anataka tuisogeze hadi saa 8:00 mchana. Unasemaje?

Mleta uzi

Juni jua huzama mapema kuliko Desemba. Bakini na saa 7:00, na huyo anayetaka saa 8:00 mwekeni atembee nyuma kabisa pamoja na mwenye mwendo mdogo. Akifika juu saa 5:00 akiwa bado na nguvu za kubishana, atakuwa na saa mbili nzima za kuoga.